Blogu ndizo zilizoua riwaya ya Kiswahili. Anayebisha aje

#1 Kitabu_Kwapani
Wakuu, salaam.

Kuna mwandishi mmoja wa riwaya za upelelezi, vitabu vyake ninavyo kabatini, jina naliweka pembeni. Wiki hii kawatangazia wasomaji wake kwamba hachapi tena kitabu. Riwaya ijayo itatoka vipande vipande kwenye blogu yake, na ukitaka kumalizia unatuma hela kwa simu, anakuingiza kundi la WhatsApp. Watu wanampongeza kama kapata cheo. Mimi nimesikitika.

Zamani mtu alikaa na mswada, mhariri anaurudisha umejaa wino mwekundu, unaandikwa upya, ndipo unakwenda mtamboni. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ilitoka 1974 na leo hii ukiifungua usiku hulali. Zilipoingia blogu kila mwenye simu akawa mtunzi. Sura inaandikwa asubuhi, mchana iko hewani, jioni watu wanapiga kelele "shusha nyingine". Jina la shangazi linabadilika sehemu ya 14. Aliyezikwa sehemu ya 6 anapokea simu sehemu ya 20 na hakuna anayeshtuka. Msomaji kazoea vya bure, akiambiwa kitabu elfu kumi na tano anaona anaibiwa. Mwisho hata mwandishi mzuri anawafuata hukohuko.

Nimemaliza. Karibuni mnipinge.

#2 Popo wa Mchana
Nimewahi siti ya mbele. Karanga ninazo, anayetaka aje na maji.

#3 Mzee wa Samora
Mleta mada, umemkamata mpita njia.

Mimi nilikuwa nanunua vile vijitabu vya kutia mfuko wa nyuma tangu nikiwa kijana. Musiba, Hammie Rajab, Kassim Musa Kassam, Kajubi Mukajanga (huyu baadaye akawa katibu mtendaji wa Baraza la Habari, vijana wengi hawajui kama aliandika riwaya), na Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Unadhani hao walikuwa na wahariri wa wino mwekundu? Mtobwa ilibidi awe na kampuni yake mwenyewe, Heko, ndiyo vitabu vitoke. Miaka ya themanini karatasi ilikuwa shida kama sukari na sabuni. Kitabu kikiisha dukani kimeisha, hakirudi tena.

Sasa tazama miaka. Blogu ya kwanza ya Kiswahili inayofahamika, Jikomboe ya Ndesanjo Macha, ni ya 2004 hivi. Michuzi alianza 2005. Mtobwa alifariki 2008, na kabla hajafariki vile vijitabu vilishapotea mitaani zamani. Blogu zimefika msibani zikakuta matanga yanaanuliwa, wewe unasema zimeua.

Mkitaka jina langu la muuaji: kibanda cha video. Kijana aliyekuwa anatoa hela kumsoma Willy Gamba, yule mpelelezi wa Musiba, alianza kuitoa kumwona Rambo, tena akitafsiriwa na Lufufu, yule msimulizi wa filamu za vibandani. Baadaye zikaja filamu za Nigeria, kisha Bongo Movie. Hadithi waliendelea kuinunua, ila ilihamia kwenye kanda.

#4 Chuma cha Pua
Mzee umetisha. Ila Lufufu usimguse, yule mwenyewe alikuwa mtunzi. Alikuwa anaongeza mambo ambayo hata mwenye filamu hayajui 😂

#5 Binti Barua
Nakazia kwa Mzee, naongeza na jingine. Huo mtindo wa "itaendelea" haukuzaliwa na blogu. Mnasahau magazeti ya Global? Eric Shigongo alikuwa na hadithi za mfululizo kwenye Uwazi, Ijumaa, Risasi. Mtaani kwetu gazeti moja lilisomwa nyumba nne, na mama alikuwa anaanzia ukurasa wa hadithi kabla hata ya kichwa cha habari cha mbele. Shigongo mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Buchosa 2020, sidhani kama hadithi zilimpotezea.

Kwa hiyo kama kosa ni vipande vipande, shitaki magazeti kwanza.

#6 Kitabu_Kwapani
Binti Barua, lile gazeti ulilinunua. Hata kama nyumba nne zimelisoma, moja ililipa, na Shigongo alikuwa na gazeti lake. Mwenye blogu alilipwa na nani? Hapo ndipo ninapoona blogu ilivyoharibu.

Mzee wa Samora, hoja ya miaka nimeipokea, lakini mgonjwa mahututi ukimziba pumzi bado umeua.

#7 Kalamu Njaa
Naona nimetajwa bila kutajwa. Mimi ndiye "mwenye blogu alilipwa na nani".

Mkongo wa intaneti wa baharini, SEACOM, ulipofika Dar Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, bei za intaneti zikaanza kulegea. Nikafungua Blogspot, bure, nikaanza kumwaga riwaya niliyokuwa nimeiandika kwenye madaftari ya kaunta. Wachapaji wawili walishaukalia mswada ule bila hata kusema hapana. Kwenye blogu nilipata wasomaji ndani ya wiki ya kwanza. Mtu yuko Kahama, mwingine yuko Muscat, wanagombana kuhusu mhusika wangu. Raha ile siwezi kuieleza.

Hela sasa. Matangazo ya Google kwa miaka ile yote hayakuwa na Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake. Ukiomba unakataliwa, labda uandike Kiingereza. Ndiyo maana wenzangu waliotaka kula walikimbilia udaku na picha, wakapata wadhamini wa mitaani. Wa hadithi tulibaki na "hongera mkuu, shusha nyingine".

Kisha wizi. Mtu ananakili sura zote, anaondoa jina langu, anaweka lake na namba ya simu, chini anaandika "hairuhusiwi kunakili". Nimetumiwa riwaya yangu mwenyewe kwenye kundi la familia, nikaombwa niisome maana "ni nzuri sana".

Halafu 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Maombi laki moja, leseni milioni moja, na kila mwaka milioni nyingine. Jumla milioni mbili na laki moja kwa blogu ambayo haijawahi kuniingizia hata nauli ya kwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Baadaye ada zilipunguzwa, lakini mimi nilishafunga. Wengi walifunga.

Kwa hiyo mleta mada, unamshitaki marehemu. Blogu haijaua riwaya, blogu nayo iliuawa.

#8 Popo wa Mchana
Maiti mbili, muuaji hajulikani, mashahidi wote wanakula karanga zangu. Mwiteni Joram Kiango.

#9 Wanjiku_wa_Sarufi
Hamjambo ndugu zangu wa TZ. Nairobi hapa.

Huku blogu ilijenga waandishi, haikuwaua. Jackson Biko alianza kwa blogu yake ya Bikozulu, watu wakawa wanasubiri Jumanne kama malipo ya mwezi, akaja na kitabu, Drunk, 2018, na wasomaji tayari anao. Na kabla ya hapo Binyavanga Wainaina alishinda tuzo ya Caine 2002 kwa hadithi ya kwenye jarida la Kwani?.

Lakini nitawaambia ukweli unaouma: hao wote waliandika Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili Kenya inaishi shuleni. Kisipoteuliwa kuwa kitabu cha lazima hakuna mtu mzima atakayekinunua. Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilisomwa na watoto wa nchi nzima, siku ilipotoka kwenye orodha ikahamia kwa wauza vitabu vya mitumba. Ken Walibora peke yake ndiye niliyemwona akisomwa kwenye matatu na watu waliomaliza shule, ile Siku Njema.

#10 Kumbukumbu Butu
Karibu dada. Rekebisho moja tu: Kwani? ilianzishwa 2003, baada ya tuzo. Ile hadithi, Discovering Home, ilikuwa kwenye jarida la mtandaoni, na waandaaji mwanzoni waligoma kuipokea kwa sababu haikuwa kwenye karatasi. Akabishana nao mpaka wakaipokea, akashinda. Hii inamsaidia Kalamu Njaa kuliko hoja yako mwenyewe.

#11 Wanjiku_wa_Sarufi
Sawa kaka, imekubalika. Hoja ya shule naishikilia lakini.

#12 Mwalimu wa Zamu
Dada wa Nairobi kasema nililotaka kusema, na Tanzania ni hivyohivyo. Nafundisha Kiswahili sekondari.

Mchapaji anataka kitabu kitakachoingia darasani, basi. Ngoswe ya Semzaba, Watoto wa Mama N'tilie, Takadini, Joka la Mdimu: hivi vinachapwa na kuchapwa tena. Mtunzi ambaye hayumo kwenye orodha, hata awe hodari vipi, mswada wake ni hasara kwa mtu mwenye mtambo. Kwa hiyo kizazi kizima kimefundishwa kwamba riwaya ni kitu cha kujibia mtihani. Mtihani ukiisha, na riwaya imeisha.

Na tukija kwenye blogu, kuna aina ambayo haikufa, tena imenona. Blogu za uchambuzi! Dhamira, wahusika, matumizi ya lugha, ujumbe, falsafa, vyote vimeshatafunwa. Nasahihisha mitihani ya majaribio nakuta watoto arobaini wameandika sentensi ileile yenye kosa lilelile la tahajia. Kitabu chenyewe hawajakigusa. Mleta mada, kama unatafuta blogu ya kuipeleka mahakamani, anza na hizo.

#13 Chuma cha Pua
Mwalimu, zile blogu uziache. Mfadhili ya Hussein Tuwa nimefaulia hizo, na nilikuwa najua falsafa ya mwandishi kuliko mwandishi.

#14 Mwalimu wa Zamu
Ndiyo maana nikasema sentensi ileile yenye kosa lilelile. Wewe ulisoma shule gani?

#15 Chuma cha Pua
Nimeondoka kwenye uzi 😂

#16 Bi Mkunazini
Mie nakusomeni tu nacheka. Nyie wa Bara kwenu riwaya ni bunduki na gari la kufukuzana, ikikosekana hiyo basi riwaya imekufa, mnakwenda kuzika.

Unguja riwaya haijapata kufa. Adam Shafi kaandika Kuli, kaandika Kasri ya Mwinyi Fuad, Vuta N'kuvute ikatoka 1999, ikaingia skuli, na 2021 Amil Shivji kaitolea filamu ikafika mpaka Toronto. Zainab Alwi Baharoon kaandika Mungu Hakopeshwa, ikapata ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell. Hao hawakusubiri blogu wala hawakuuliwa na blogu.

Nikuulizeni jambo. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi 2021, nyote humu mlibadilisha picha zenu mkaweka yake. Wangapi walikuwa wamemsoma? Na ungelikuwa huna Kiingereza ungelimsoma wapi? Mpaka Ida Hadjivayanis alipoifasiri riwaya yake Paradise ikatoka Peponi, 2022. Mzanzibari wa watu kaandika vitabu tangu miaka ya themanini, kwao wanakuja kumsoma akiwa mzee. Tatizo hilo ni la wasomaji na wachapaji, si la blogu.

#17 Kitabu_Kwapani
Bi Mkunazini, heshima yako. Nilibadilisha picha, ndiyo. Peponi nimeinunua, iko kabatini.

#18 Bi Mkunazini
Kabatini naisikia tangu mwanzo wa uzi. Umeisoma?

#19 Popo wa Mchana
Karanga zimeisha, naomba mapumziko.

#20 Dada Mhasibu
Mnabishana bila hesabu, ngoja niwawekee ya kwangu.

Nimeandika riwaya mbili. Ya kwanza nilimpa mchapaji, mkataba wa asilimia kumi ya bei. Nikapewa nakala zangu za zawadi, tukapiga picha, basi. Kila nikiuliza mauzo naambiwa vitabu bado viko stoo. Lakini nilikuwa navikuta kwa machinga, vipya, na rangi ya jalada imepauka kidogo kuliko vile vya kwangu. Mwenye akili anaelewa.

Ya pili sikumpa mtu. Nimeanza kuweka sehemu za mwanzo bure Facebook, watu wakinogewa nafunga, anayetaka zilizobaki anatuma elfu mbili. Mtandao wa simu unakata chake, kilichobaki ni changu, siku hiyohiyo. Sijawa tajiri. Ila nimelipa ada ya mtoto kwa hela ya hadithi, na kile kitabu chenye jalada hakijanilipia hata kalamu.

Kwa hiyo huyo mwandishi wa #1 msimlilie. Kahesabu.

#21 Kitabu_Kwapani
Dada Mhasibu, hela nakubali. Swali langu ni ubora. Nani anakwambia sura ya tisa imepwaya, uifute?

#22 Kumbukumbu Butu
Wasomaji. Andy Weir, yule wa The Martian, alianza 2009 kuweka sura moja moja bure kwenye tovuti yake. Wasomaji wenye utaalamu wakawa wanamsahihisha hesabu na kemia. Wakamwomba aiweke Kindle ili iwe rahisi kusoma, akaiweka kwa senti 99 kwa kuwa Amazon hawakumruhusu kuuza bei ya chini zaidi. Ikauza mpaka wachapaji wakubwa wakamfuata wenyewe, ikatoka 2014, mwaka uliofuata ikawa filamu. Mhariri wake wa kwanza alikuwa umati.

#23 Kalamu Njaa
Kumbukumbu, wasomaji wa Weir walikuwa wanamwambia "kiwango cha oksijeni umekosea". Wangu walikuwa wananiambia "mpe mimba". Nikimtoa mhusika mmoja kwa sababu hadithi inataka hivyo, natukanwa usiku kucha. Nakumbuka nilimrudisha mmoja kutoka kaburini kwa shinikizo la umma. Ndiyo yule anayepokea simu sehemu ya 20, nadhani.

#24 Binti Barua
KUMBE NI WEWE 😂😂😂 Nilikuwa nasoma ile!! Yule daktari aliishia wapi? Ulifunga blogu tukiwa juu ya ghorofa na moto unawaka.

#25 Kalamu Njaa
Daktari yuko daftarini. Kuna sehemu kama tano sikuziweka.

#26 Mzee wa Samora
Nimerudi baada ya swala nakuta mmefika mwezini.

Dada Mhasibu kasema jambo ambalo lilikuwa hivyohivyo zamani. Musiba hakula kwa Willy Gamba. Alikuwa mfanyabiashara, akafika kuongoza TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Wengi wa wale wakongwe walikuwa waandishi wa habari, watumishi, wenye kazi nyingine. Hakukuwa na zama ambazo mwandishi wa riwaya Tanzania alikaa nyumbani akaishi kwa riwaya. Tunaomboleza kitu ambacho hakikuwepo.

Kuhusu ubora, mnajua kuna UWARIDI, umoja wa waandishi wa riwaya wenye dira? Tuwa yumo humo. Fadhy Mtanga naye, ambaye alikuwa mwanablogu kabla hatujamjua kwa Kizungumkuti na Huba. Huyo mnamweka upande gani, aliyeua au aliyeuawa?

#27 Nyuki wa Tabora
Mmesahau tuzo. Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, ilianza kutolewa 2015 na inapokea hata mswada ambao haujachapwa. Na tangu 2023 kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, chini ya Taasisi ya Elimu, mshindi wa kwanza anaondoka na milioni kumi na kitabu kinachapwa. Maoni yangu: blogu zilizaa waandishi, tuzo zinawavusha. Kijana ananolewa kwenye blogu, anakuja kushindana akiwa na mkono umeshazoea.

#28 Dada Mhasibu
Nyuki, tuzo ni ya mtu mmoja kwa mwaka. Wengine wote wanakula nini?

#29 Mwalimu wa Zamu
Na kitabu kilichoshinda tukikitaka huku mkoani tunakipata wapi? Dar kuna duka la TPH pale Samora, kuna Soma Mikocheni. Hapa nilipo duka la vitabu linauza daftari, rula na kadi za harusi. Mimi naona hili ndilo kubwa kuliko yote mliyosema. Mtu wa huku hakuikimbia riwaya, haikumfikia. Simu ndiyo iliyomfikia.

#30 Wanjiku_wa_Sarufi
Mwalimu, hapo umepiga msumari. Huku pia, ukitoka miji mikubwa, duka la vitabu ni la sare za shule.

#31 Kitabu_Kwapani
Naona mmenizidi idadi. Lakini hakuna aliyejibu: kwa nini katika blogu zote hizo tangu 2004 sijaona mhusika mmoja ambaye nchi nzima inamjua kwa jina kama Willy Gamba?

#32 Bi Mkunazini
Kwa sababu zama zile mlikuwa na redio moja na mhusika mmoja. Leo kila mtu ana wake mfukoni.

#33 Mzee wa Samora
Sikubaliani na Bi Mkunazini. Willy alipata umaarufu kwa sababu ya wakati. Ile Kufa na Kupona inahusu ukombozi wa kusini mwa Afrika, na vijana tuliisoma tukiwa tunasikia hizo habari kila siku. Mhusika anataka nchi yenye jambo moja inaloliwaza.

#34 Kijana_wa_Kigogo
Wakuu naomba kuuliza, mwenye softi kopi ya Tutarudi na Roho Zetu? ya Mtobwa anitumie DM tafadhali. PDF hata ikiwa ya kupiga picha.

#35 Kalamu Njaa
Huyu kasoma uzi wote kweli?

#36 Dada Mhasibu
Mfungieni.

#37 Kijana_wa_Kigogo
Jamani, nimetafuta kitabu halisi sijakipata popote, nifanyeje sasa? Pesa ninayo.

#38 Mzee wa Samora
Kijana, muulize yule mzee wa vitabu vya mitumba karibu na Posta ya zamani, anakaa hadi jioni. Usimwonyeshe una shida nacho, atakuuzia bei ya jiko la gesi. Akikosa, mimi ninacho, lakini utakisomea kwangu barazani.

#39 Chuma cha Pua
Nimerudi. Swali la msingi ambalo hakuna aliyeliuliza: Willy Gamba na Joram Kiango wakikutana usiku Kariakoo, nani anatoka mzima?

#40 Popo wa Mchana
Willy. Ana bosi wake Chifu, ana tiketi ya ndege, ana serikali nyuma yake.

#41 Binti Barua
Joram. Willy akimaliza kumpigia Chifu simu, Joram na mwenzake Nuru wameshaondoka na gari lake. Kalamu Njaa, angalia DM yako, nimeuliza bei ya zile sehemu tano.